Udongo wa Nakayuni Ulio Chini ya Sakafu

CHAMA CHA WAPIKA CHUMVI WA NAKAYUNI
Bonde la Momba, chini ya Msangano

Kikao cha halmashauri, Jumamosi tarehe 9 Agosti 1952, katika banda la vyungu, Nakayuni

Udongo wetu wa chumvi ulipotea siku ya Jumanne, tarehe 6 Mei 1952, kati ya kupambazuka na jua kuzama. Haukuibiwa na mgeni wala haukuchukuliwa na mto. Ulizolewa kwa majembe ukapelekwa mahali ambapo kila mtu wa hapa anapajua, kwa amri ya mtu ambaye kila mtu wa hapa anamjua. Kikao kiliitwa kwa sababu hiyo, na mengine yote yaliyoandikwa hapa yanafuata nyuma yake.

WALIOHUDHURIA
Mzee Zebedayo Simbeye, Mwenyekiti. Pia mzee wa kanisa na mshika ufunguo wa nyumba ya sala
Nesta Namonje (Mama Ruti), Katibu
Bibi Marita, mpishi wa chumvi, mkubwa wetu kwa umri
Rubeni, mchukuzi wa chumvi kwa baiskeli hadi Tunduma
Mama Ketrina, mpishi wa chumvi, mke wa Mwenyekiti (alichelewa)
Mwalimu Efraimu, mwalimu wa dini (mwalikwa)

WASIOHUDHURIA
Aida: amejifungua, taarifa ilipokelewa kwa furaha.
Fanueli: yuko Mbozi kwenye kahawa. Hakutoa taarifa, na si mara ya kwanza.

KUMB. NA. 1/52: KUFUNGUA

Mwalimu Efraimu aliomba dua. Ilikuwa ndefu.

Kwa kuwa hapakuwa na moto wala chungu juu ya mafiga, Bibi Marita aliruhusu wanaume waingie bandani. Iandikwe kwa ajili ya msomaji wa mbali kwamba desturi ya Nakayuni ni hii: moto wa chumvi ukishawashwa, mwanamume havuki kijito kuja upande huu mpaka msimu uishe, wala haulizi yanayofanyika. Mwenyekiti alisimama kidogo mlangoni akiyatazama mafiga yaliyopoa na vyungu vilivyofunikwa kifudifudi. Alisema hajaingia humu tangu alipoacha kubebwa mgongoni, na kwamba katika kumbukumbu yake banda lilikuwa kubwa kama mlima na lilijaa mvuke.

Mwenyekiti alitaka ajenda ya tano, yaani Ndoto, ifutwe. Alisema halmashauri si mahali pa kusimuliana usingizi. Bibi Marita alisema kama ndoto zinafutwa basi na yeye afutwe. Ajenda ilibaki.

KUMB. NA. 2/52: UDONGO ULIOPOTEA

Katibu aliagizwa aandike kazi ilivyo, kwa kuwa karatasi hizi zitasomwa na Bwana wa Madini, ofisa wa Serikali anayetoa vibali.

Maji ya chemchemi ya Nakayuni ni ya uvuguvugu na chumvi yake ni kidogo. Ukiyachemsha hivyo hivyo utamaliza kuni za kilima kizima upate kijiko. Kwa hiyo udongo hulazwa kwenye vitalu kando ya chemchemi, unywe maji, ukauke, unywe tena, mpaka uote weupe juu kama ndevu za mzee. Hapo hutiwa kwenye chungu chenye matundu chini na kumwagiwa maji ya chemchemi. Yanayodondoka kwenye chungu cha pili ni makali ya kuuma ulimi, na hayo ndiyo yanayochemshwa hadi yawe donge. Udongo uliokwisha kuchujwa hautupwi. Hurundikwa ukalala masika yote, na kiangazi kikija hurudishwa kwenye vitalu. Ni udongo ule ule, miaka nenda miaka rudi. Kila mpishi ana rundo lake alilorithi kwa mama yake au kwa mama mkwe wake, na marundo yale yalikuwa yamefika kifuani mwa mtu mzima.

Mwanzoni mwa Mei ilikuja habari kwamba Bwana wa Madini atafika Nakayuni siku ya Ijumaa, tarehe 9. Wanawake wote walikuwa Ndalambo kwenye mavuno ya ulezi. Mwenyekiti aliwakusanya wanaume na kuwaambia mgeni hawezi kupokelewa penye uchafu. Walifagia. Walifyeka. Kisha wakayazoa marundo yote na kuyapeleka kwenye nyumba ya sala, ambayo wakati huo ilikuwa na kuta na paa lakini haikuwa na sakafu.

Mwenyekiti alijitetea. Alisema, "Mgeni akija uwanja unafagiwa. Nani hapa hakufundishwa hivyo na mama yake? Yale marundo tangu utoto wangu nayaona kutoka ng'ambo ya kijito. Nilijua ni majivu na makapi ya jikoni. Nani aliniambia vingine?"

Bibi Marita alisema, "Zebedayo mwanangu, ungeuliza."

Mwenyekiti alisema, "Bibi, ningeulizaje jambo nililokatazwa kuuliza?"

 Katibu aliliandika swali hilo kama lilivyo.

Baadaye Katibu alitoa hesabu. Mwaka jana, debe nne za udongo wetu zilitoa donge moja la ratili tano. Mwezi Juni mwaka huu tulijaribu udongo mpya uliochimbwa kichakani. Debe ishirini: donge, hakuna. Kilichobaki chunguni kilikuwa tope jekundu, chungu kama shubiri. Mbuzi wa Rubeni walilinusa wakaondoka. Bibi Marita alisema udongo mpya una kiu tu. Unakunywa na haurudishi, na utahitaji miaka mingi kabla haujajifunza kutoa.

Rubeni alieleza kwamba baiskeli yake inakwenda Tunduma na mihogo mikavu tu, na wanawake wa upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambao baadhi yao ni shangazi zake, humzunguka wakiuliza mucele, yaani chumvi yetu, uko wapi, kwa kuwa hawataki chumvi ya dukani kupikia samaki. "Nawaambia, shangazi, mucele upo kanisani, tunaukanyaga tukiimba. Wanacheka mpaka wanakaa chini."

Mwenyekiti aliomba kicheko kisiandikwe. Kimeandikwa.

KUMB. NA. 3/52: MGENI, NA HISTORIA ANAYOITAKA

Mwalimu Efraimu, ambaye tarehe 9 Mei alikuwa mkalimani, alieleza upya yaliyosemwa, kwa kuwa wanawake hawakuwepo na kila mwanamume amekuwa akisimulia ya kwake.

Alisema Bwana wa Madini alipofika, kabla hata ya kuketi, aliuliza marundo yako wapi. Mwenyekiti alimjibu kwa uso mkunjufu kwamba yote yamesafishwa kwa heshima yake. Bwana yule alivua kofia, akaitazama ile nafasi tupu kama mtu aliyefika msibani kwa kuchelewa. Kisha akaeleza, bila hasira, kwamba alikuja kwa ajili ya marundo. Urefu wake, na vigae vya vyungu vya kale vilivyofukiwa ndani yake, ndivyo vingemwonyesha kazi hii ni ya umri gani; na kibali cha kuendelea kupika chumvi kidesturi hupewa kazi iliyo kongwe.

Kwa kuwa ushahidi umefagiwa, alitaka vitu viwili. Kwanza, historia ya kazi iandikwe. Pili, aone kwa macho yake chumvi ikipikwa kwa njia ya wazee siku atakayorudi, yaani Jumatatu tarehe 25 Agosti. Akikuta mafiga baridi, chemchemi atapewa mwombaji mwingine, mwenye nia ya kuweka pampu. Hapo hakuna hata mmoja wetu atakayechota Nakayuni tena, iwe kwa chungu au kwa kiganja.

Bibi Marita aliuliza kama ni kweli kwamba mgeni naye alisimulia habari za kwao. Mwalimu Efraimu alisema ni kweli, na kwamba alisimulia jioni akiwa amekaa juu ya kisanduku cha chupa zake za kupimia maji, akizungumza polepole kama anayejisimulia mwenyewe.

Alisema alizaliwa katika mji uliojengwa juu ya chumvi. Chumvi ile iko chini sana, imelala gizani kama ziwa lililoganda. Watu wa huko hushusha maji ndani ya ardhi, maji yakaiyeyusha, kisha wakayanyonya kwa mashine. Zamani walikuwa wakiipika tu katika karai kubwa kama nyumba, kama sisi. Kisha wakaja watu waliojua kuibadilisha. Wakaichoma na tindikali, na chokaa, na makaa ya mawe, wakapata magadi, na kwa magadi wakapata sabuni na kioo cha dirisha. Sabuni ya mche tunayonunua dukani babu yake ni chumvi. Moshi uliotoka humo mwanzoni ulikuwa mkali hata ukaunguza miti, ng'ombe wakakohoa, mabawaba ya milango yakaliwa. Ikabidi itungwe sheria ya kuukamata ule moshi. Walipoukamata waliona nao ni mali, kwa kuwa unafanya nguo kuwa nyeupe. Hapo vikazaliwa viwanda juu ya viwanda, vya rangi, vya karatasi, vya dawa, kila kimoja kikila kinachotapikwa na mwenzake.

Na wakati wote huo chini ya mji palikuwa panabaki wazi. Nyumba zikaanza kuinama. Alipokuwa mtoto, duka la mkate la mtaani kwao liliinama mpaka mikate ikawa inateleza upande mmoja, na watu waliendelea kununua. Siku moja bwawa lilitokea mahali palipokuwa na malisho, na farasi wakaenda kunywa kama kwamba lilikuwepo siku zote.

Bibi Marita aliuliza, "Wakishatoa ile chumvi, wanarudisha nini?"

Mwalimu Efraimu alisema naye alimuuliza hivyo hivyo. Bwana wa Madini alijibu kwamba hawarudishi kitu.

Bibi Marita alisema, "Basi ndiyo maana."

 Nje palisikika chemchemi, ambayo siku hizi inasikika vizuri sana kwa kuwa hakuna kazi.

Katibu alimwomba Bibi Marita atoe historia ya Nakayuni iandikwe. Bibi alifumba macho. Alisema: "Mimi nilipewa rundo na mama mkwe wangu, Nakamanga. Nakamanga alipewa na Nanyinza, aliyekuwa kipofu na alijua chumvi imeiva kwa sauti ya chungu. Nanyinza alipewa na mwanamke aliyekuja kutoka upande wa ziwa akiwa na mtoto na hana mume, na jina lake halitajwi penye moto, na kwa kuwa leo hakuna moto nitalitaja, lakini Mama Ruti usiliandike. Huyo aliwakuta wengine wanapika. Wale wengine waliwakuta wengine. Wa kwanza kabisa alifuata ndege. Ndege walikuwa wanalamba jiwe. Akalamba na yeye."

Katibu aliuliza ni miaka mingapi yote pamoja. Bibi alisema hakuna aliyehesabu, walikuwa wanapika. Katibu alikadiria kwa hesabu ya vizazi kwamba si chini ya miaka mia moja na hamsini, na alimwomba Mwenyekiti athibitishe. Mwenyekiti alithibitisha. Alisema kwa sauti ndogo kwamba Nakamanga ni bibi yake mzaa mama, na kwamba alikuwa akimpa makombo ya donge ayafiche shavuni.

KUMB. NA. 4/52: SAKAFU YA NYUMBA YA SALA

Katibu alieleza kwamba tangu Juni, baridi ilipoanza, sakafu ya nyumba ya sala imekuwa ikichanua. Kila asubuhi weupe unaota juu yake, mwepesi kama manyoya ya kifaranga, na watu wakiingia kusali nyayo zao zinabaki zimeandikwa. Kuta nazo zimepata weupe hadi usawa wa goti. Ng'ombe wamejua. Mwishoni mwa Juni walivunja kiwambo cha mlango wakaingia wote, na Mwalimu alipofika kupiga kengele aliwakuta wamejipanga wanalamba sakafu kwa utulivu, vichwa chini, mbele mpaka madhabahuni. Alisema aliwaonea huruma kuwafukuza, kwa kuwa hajawahi kuona mkusanyiko wenye adabu namna ile. Tangu siku hiyo mlango una kufuli, na ufunguo uko kwa Mwenyekiti.

Katibu alipima nyumba ile kwa kamba. Urefu futi ishirini na nne, upana kumi na sita, kina cha udongo futi moja na nusu. Jumla futi za ujazo 576, ambazo ni karibu debe mia tisa. Wapishi tuko kumi na watano. Kila mmoja akibeba debe ishirini kwa siku, ni siku tatu. Udongo ukilazwa vitaluni kufikia tarehe 16, utakunywa na kukauka wiki nzima, na Bwana wa Madini akifika tarehe 25 atakuta vyungu vinatokota. Ukilazwa wiki inayofuata atakuta tope. Katibu alisema hii si hoja ya kubishania, ni hesabu.

Mwenyekiti alisema udongo ni udongo, na ulipokanyagwa na kushindiliwa umekwisha kuwa sakafu. Akamgeukia Katibu akasema, "Na mlioshindilia ni nyinyi wenyewe, shemeji. Mlikuja kutoka Ndalambo, hata kijito hamjavuka, mkashika michi mkaimba siku nzima. Wewe ndiye ulikuwa unaanzisha nyimbo."

Katibu alisema ni kweli, na kwamba ulikuwa umechanganywa na kinyesi cha ng'ombe na maji, na nani humtambua ndugu yake akiwa amepakwa matope. Bibi Marita alisema yeye alihisi. Visigino vyake vilikauka usiku ule vikapasuka kama vya wakati wa msimu. Alidhani ni uzee.

Mwenyekiti alisema maneno ya Katibu hayamshangazi, amekuwa akiyasikia tangu marehemu mdogo wake, mume wa Katibu, alipozikwa na Katibu akakataa kurithiwa na kuhamia nyumbani kwake. Katibu aliomba neno hilo liandikwe kama lilivyo. Limeandikwa. Mwalimu Efraimu aliwasihi wote wawili wakumbuke wamo kikaoni.

Rubeni alisema yeye haoni ugomvi uko wapi. Nyuma ya shamba lake kuna vichuguu viwili vikubwa, na udongo wa kichuguu hufanya sakafu ngumu kuliko huu, isiyolia wala kuchanua. Alijitolea vyote viwili. "Mchwa nitawaomba radhi mimi."

Mwenyekiti aliuliza kama Katibu anakumbuka kwamba Jumamosi tarehe 16 binti yake Ruti anafunga ndoa katika nyumba hiyo. Katibu alijibu kwamba anakumbuka, kwa kuwa yeye ndiye mama. Alisema Ruti ameulizwa na amesema ataolewa akiwa amesimama shimoni, mradi ndani ya shimo hilo kuna mchumba.

Mwalimu Efraimu aliulizwa kama kuna kizuizi cha kidini. Alifikiri sana. Alisema nyumba imeombewa, lakini kilichoombewa ni nyumba, na haamini kwamba Mungu alihesabu debe. Alisema kwa upande wake hana kizuizi, ila ufunguo hauko kwake.

Hapo Mwenyekiti alizungumza kwa muda mrefu bila kumtazama mtu. Alisema watu hawajui alivyoibeba nyumba ile. Miaka kumi na moja walisali chini ya paa la nyasi lililoungua mara mbili, naye kila alipolala aliiona sakafu: tambarare, imara, haina vumbi, na yeye anatembea juu yake na viatu vyake havitoi sauti. Mchungaji mkubwa atakuja kuifungua Septemba. Alisema, "Nikimwonyesha shimo nitamwambia nini? Na huyu wa Madini naye aliyenivulia kofia? Nimefagia mbele ya huyu, nichimbe mbele ya yule. Mimi ni mzee wa kitu gani?"

 Rubeni alitazama nje. Moshi wa nyasi zinazochomwa ulikuwa umelala juu ya bonde lote, na vilima vya Msangano vilionekana kama vimewekwa juu ya maziwa.

KUMB. NA. 5/52: NDOTO

Bibi Marita alieleza kwamba tangu Julai Nakamanga anamjia. Anatembea kando ya chemchemi akiwa na chungu kisicho na kitako, anachungulia kila kitalu, kisha anauliza kwa upole, "Mmeulaza wapi udongo wangu?" Hakasiriki. Anauliza kama mtu aliyeweka kisu chake mahali na sasa hakioni. Bibi alisema angekasirika ingekuwa afadhali.

Rubeni alieleza kwamba yeye huota anaendesha baiskeli kwenda Tunduma, na barabara ni nyeupe na laini, na nyumba zote za njiani zimeinama kidogo upande wake kama zinamsikiliza. Anapofika mpakani mzigo umekuwa mwepesi. Anageuka, anaona mstari mweupe nyuma yake mpaka nyumbani.

Katibu hakutaka kuota ndoto yoyote, ila ameiota: yuko ndani ya nyumba ya sala, watu wote wameketi, sakafu inapanda polepole kama unga uliotiwa chachu, nayo ina joto. Hakuna anayeogopa. Maji ya uvuguvugu yanatokea miguuni, na kila mtu anavua viatu.

Mwenyekiti alisema ndoto si ushahidi. Mwalimu Efraimu alisema kwa heshima kwamba sakafu aliyoieleza Mwenyekiti muda mfupi uliopita nayo ilikuwa ndoto, na wote wameikanyaga.

Mwenyekiti alisema, "Mwalimu, na wewe?"

Ajenda ilifungwa.

KUMB. NA. 6/52: MAMA KETRINA

Wakati huo Mama Ketrina alifika. Aliomba radhi kwa kuchelewa. Alisema alikuwa anafagia nyumba ya sala, kama afanyavyo kila wiki kwa ufunguo anaopewa na mumewe na kuurudisha.

Alifungua pindo la nguo yake, akatoa kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba, akakiweka juu ya figa la kati. Kilikuwa donge la chumvi, dogo, la ukubwa wa ngumi ya mtoto.

Mama Ketrina alieleza kwamba tangu Juni kila alipofagia hakuutupa ule weupe. Aliutia kibuyuni. Juzi aliuchuja na kuuchemsha nyumbani katika sufuria ya uji, jambo ambalo halijawahi kufanyika, na anaomba Bibi Marita amsamehe kwa sufuria. Bibi alisema sufuria imesamehewa.

Donge lilizungushwa. Bibi Marita alilamba akafumba macho. Rubeni alilamba akasema Nakonde wangepigana kwa ajili ya hili. Katibu alilamba. Ni lenyewe: linaanza na ukali, kisha kwa nyuma lina utamu kama wa maji yaliyopita kwenye jiwe. Udongo haujafa. Umelala tu mahali pasipo pake.

Donge lilimfikia Mwenyekiti. Alilishika kiganjani, hakulilamba. Mama Ketrina alimwambia, "Baba Enoka, onja. Hakuna moto humu, hujakatazwa."

Mwenyekiti alivunja kijipande akakiweka shavuni. Alikaa hivyo.  Machozi yalimtoka upande mmoja, naye hakuyafuta, na Katibu hakusudii kuandika zaidi ya hapo.

Rubeni aliuliza kwa nini Mama Ketrina, akiwa na ufunguo, asiwafungulie tu wapishi siku ya kufagia. Mama Ketrina alisema, "Ufunguo ninaopewa ni wa kufagia. Wa kuchimba si wangu. Nikiuchukua hivyo nitarudi kulala nyumba gani?" Akaongeza kwamba hataki mumewe aibiwe. Anataka afungue mwenyewe. Wajumbe wote waliunga mkono.

Ilikubaliwa kwa sauti zote, isipokuwa ya Mwenyekiti ambaye mdomo wake ulikuwa na chumvi, kwamba: udongo urudishwe wote; sakafu mpya ijengwe kwa udongo wa kichuguu na wapishi wenyewe kabla Mchungaji hajafika; ndoa ya Ruti ifungwe tarehe hiyo hiyo, palipo na sakafu au pasipo; na wanaume watakaosaidia kubeba waelezwe wanachobeba. Bibi Marita alisema hili la mwisho ni jipya, na kwamba atamweleza Nakamanga akija.

KUMB. NA. 7/52: MWISHO WA KIKAO

Mwenyekiti alisema atalifikiria. Katibu aliuliza kufikiria ni ndiyo au ni hapana. Mwenyekiti alisema kufikiria ni kufikiria. Katibu alisema neno hilo halina mahali pa kuandikwa.

Watu waliondoka saa tisa, Mwalimu akiwa ameomba dua fupi. Mwenyekiti alitoka wa mwisho. Alivuka kijito, akasimama ng'ambo, akapatazama hapa palipokuwa na marundo, kutoka pale pale alipokuwa akiyatazama utotoni.

Kumbukumbu hizi zinapelekwa kwake leo hii kwa mkono wa mke wake. Mzee Zebedayo, shemeji yangu, hatukuombi maelezo wala radhi. Tunauliza jambo moja: utafungua mlango, ndiyo au hapana? Kalamu imefungwa pamoja na karatasi. Jibu liandikwe hapa chini kwa mkono wako, na lirudi Nakayuni kabla ya kengele ya sala ya jioni, Jumatano tarehe 13 Agosti 1952. Kama ni ndiyo, ufunguo uje nalo. Alfajiri ya Alhamisi wanawake kumi na watano watakuwa mlangoni na madebe.

Nesta Namonje
KATIBU
9 Agosti 1952

Jibu: ........................

Zebedayo Simbeye
MWENYEKITI
Sahihi: ........................